Jibu la Hamduni

Kimya cha muziki kilikuwa kimeingia mwezi wa pili, na mji wa Morogoro ulikizoea kama mtu anavyozoea pengo la jino: ulimi hauachi kupapasa pale. Kwenye baa za Mji Mpya watu walikunywa wakitazamana. Wateja wa vinyozi waligundua kwamba vinyozi wao hawana maneno, kumbe siku zote redio ndiyo iliyokuwa ikizungumza. Harusi zilisogezwa mbele, na zile zilizokwisha lipiwa ukumbi zilifanyika hivyo hivyo. Bibi harusi aliingia kwa mwendo wa madaha huku wageni wakisikia viatu vyake tu.

Aliyekipigania Kimya hicho alikuwa Sikudhani Mloka, mwimbaji na mwenyekiti wa Umoja wa Wanamuziki. Asubuhi hiyo alikuwa ofisini kwake, juu ya duka la dawa, akinywa chai ya tangawizi na kujipongeza kidogo. Mvumo, kampuni iliyokuwa ikiuza nyimbo kwenye masikizi ambayo watu wote walivaa masikioni, ilikuwa imeomba kikao. Miaka yote Mvumo walikuwa wakiita watu, na wanamuziki wakienda mbio na kofia mkononi. Safari hii wameomba, na Sikudhani aliisoma tena na tena ile barua yao kwa raha ya neno hilo moja.

Hapo akaingia mama mmoja wa makamo aliyejitanda kanga, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, dada Sikudhani."

"Marahaba. Karibu."

"Hunikumbuki. Ni miaka mingi. Mimi ni Mama Hamduni."

Sikudhani aliweka kikombe mezani, akacheka kwa furaha ya kweli. "Mama Hamduni! Hamduni yule wa wimbo! Jamani, yule mtoto! Yuko wapi siku hizi? Si atakuwa na ndevu sasa?"

"Tumemzika mwezi uliopita," mama yule alisema. "Gari lilimgonga pale Mikese. Alikuwa anavuka, na honi hakuisikia."

Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka Sikudhani usoni, na alishindwa kujua akipeleke wapi. Aliinuka, akazunguka meza, akamshika mikono. Alisema pole, akasema hakupata habari, akasema angekuja. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa madogo. Kwa watu wa kwao, kutofika msibani ni jambo ambalo mtu hulieleza mpaka anazeeka.

"Sikuja kukudai pole," Mama Hamduni alisema. "Nimekuja kukuomba unifungulie wimbo."

* * *

Wimbo wenyewe ulizaliwa harusini, kabla ya ile homa ya masikio. Sikudhani alikuwa msichana wa bendi wakati huo, na Kobelo ndiye aliyekuwa akipiga gitaa la solo. Watu walikuwa wakitunza kama kawaida ya harusi: mtu anatoka kitini akicheza, anafika mbele, anampa mwimbaji noti, na mwimbaji analiingiza jina lake kwenye wimbo ili ukumbi mzima ujue nani kaja. Jioni ile dada wa bibi harusi alimtanguliza mwanawe wa miaka mitano. Mtoto alinyoosha noti juu ya kichwa chake kama anayeinua bendera. Sikudhani akainama, akaipokea, akamwimbia: Hamduni, uko wapi?

Mtoto, ambaye alikuwa amesimama puani kwake, aliona swali hilo halina maana hata kidogo. Akaivuta maikrofoni kwa mikono miwili, akapiga kelele: "Niko hapa!"

Ukumbi uliangua kicheko. Sikudhani alimwita mara ya pili, akajibu, na mara ya tatu, akajibu kwa nguvu zaidi huku matarumbeta yakimwagika juu yake. Baadaye bendi ilikwenda studio kuurekodi wimbo ule vizuri, ukakataa. Ulikuwa umepoa. Kobelo akasema wapeleke ile ile kanda ya harusini, aliyoirekodi kutoka kwenye mitambo ya jukwaani. Wakaipeleka, ikasajiliwa, na nchi nzima ikaipenda. Baa ikipiga wimbo ule, Sikudhani akiuliza Hamduni uko wapi, walevi wote waliinua chupa na kujibu kwamba wako hapa.

Mwaka uliofuata ikaja homa ya masikio. Ilipita nyumba kwa nyumba na kuwaacha watu wazima na watoto hawasikii. Serikali ikagawa masikizi, kile kidude cha nyuma ya sikio kinachochukua sauti za dunia na kuzipitisha moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Kwa wengi ilikuwa kama kufufuka. Lakini sikizi linamfaa mtu ambaye mshipa wake umebaki hai, na wa Hamduni ulikuwa umekufa. Mtoto asiyejisikia husahau kusema. Sauti yake ilikwenda ikififia, maneno yakapinda, akaanza kuona haya watoto wenzake wakimcheka, na kabla hajamaliza darasa la kwanza akawa anazungumza kwa mikono tu. Simu ya mama yake ya zamani, yenye video za utoto, iliibiwa stendi. Duniani kote sauti ya Hamduni ilibaki mahali pamoja, ndani ya wimbo wa Sikudhani.

Na wimbo wa Sikudhani ulikuwa umefungwa.

* * *

"Ngoja nikueleze, mama," Sikudhani alisema.

"Najua. Mmegoma."

"Si kugoma tu."

Alimweleza hata hivyo, kwa sababu alihitaji kujisikia akieleza. Sikizi lilikuwa na uwezo wa kukumbuka kila lilichosikia. Ulipita nje ya ukumbi, ukasikia wimbo mara moja, ukawa nao maisha yako yote bila kumlipa mtu. Ndiyo maana wanamuziki walipigania sheria ya ridhaa: sikizi likitambua wimbo wenye mwenyewe, na mwenyewe hajaridhia, linaufumba. Hausikiki, uwe umepigwa redioni au unaimbwa mbele yako. Basi Mvumo wakajifanya dalali wa ridhaa hizo, wakawa wanalipwa na wasikilizaji na kuwapa wanamuziki makombo. Mpiga ngoma wa bendi yake alikufa amelala kwenye mkeka wa kuazima, na siku aliyozikwa wimbo wake ndio uliokuwa ukisikilizwa kuliko zote nchini. Siku ile Sikudhani aliapa. Wanachama wote waliondoa ridhaa zao kwa pamoja, zikawa fungu moja kisheria. Walilifunga hivyo wenyewe ili pasipatikane msaliti: akifungua mmoja wimbo mmoja, kwa mtu mmoja, fungu zima limefunguka kwa masharti yale yale ya zamani.

Mama Hamduni alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, na hilo lilimuumiza Sikudhani zaidi.

"Mko sawa," alisema. "Mimi niliununua wimbo ule, dada. Niliulipia kwa Mvumo, nikaambiwa ni wangu. Lakini sigombani. Hata mimi ningekuwa ninyi ningegoma. Shida yangu ni kwamba mshipa wangu nao unakufa. Sikio la kushoto limekwisha zima. Daktari kasema hili la kulia halitaziona mvua za vuli. Kimya chenu kitaisha lini?"

Sikudhani alitazama ile barua ya Mvumo mezani. Kikao kimoja huzaa vikao kumi.

"Sijui," alisema.

"Basi nisikilizishe mara moja tu. Hata hapa hapa. Nikishamsikia, zima."

* * *

Kobelo alikuwa kibarazani kwake na gitaa mapajani. Alipiga kwa vidole vyepesi, macho amefumba, na Sikudhani alipofika hakusikia kitu zaidi ya kucha zikigusa nyuzi. Alizitazama zile kamba zinavyotetemeka, akajua ni wimbo gani.

"Unausikia?" alimuuliza kwa kumshika bega.

"Nitausikiaje? Ni sehemu yangu, lakini utunzi ni wako, na sikizi langu linaheshimu sheria kunizidi." Kobelo alicheka bila furaha. "Nauona kwa vidole. Kaa."

Sikudhani alipomaliza kumsimulia habari ya Mama Hamduni, Kobelo aliegemeza gitaa ukutani taratibu.

"Masikini mama wa watu," alisema. "Huwezi."

"Najua siwezi."

"Mvumo wamebakiza pumzi mbili, Sikudhani. Tukifungua leo, wajukuu zetu watakuja kuimba bure. Mwambie asubiri."

"Mshipa haumsubiri."

Jirani alikuwa akitwanga, na mtwangio ule ulikuwa ndio muziki pekee mtaani, kwa vile kinu hakina mwenyewe.

"Kaka Kobelo," Sikudhani alisema baadaye, "kile kifungu cha waitikiaji. Tulichokipigania mimi na wewe. Kinasemaje?"

"Kila mwenye sauti kwenye kazi ni mwenye kazi, kwa kiasi cha sauti yake." Alikuwa akikijua kwa moyo. Halafu akamgeukia ghafla. "Hapana."

"Mtoto yule ni mwitikiaji. Hakuwa mwanachama, hayumo kwenye fungu. Nikimsajili kama mwenye sauti, mama yake ndiye mrithi, na mrithi anaweza kuridhia kwa sehemu ya mwanawe bila kugusa ya kwetu."

"Na utamwambia msajili nini akikuuliza kwa nini hukumsajili tangu mwanzo? Utamwambia tumemuuza mtoto wa watu miaka yote hii, mitaani na mabaa, na hatukumpa hata pipi?" Kobelo alikuwa amesimama. "Mvumo wanaomba Mungu wapate kitu kama hicho! Kesho watasema hao wanaolia wanaliwa jasho, wao wenyewe wamekula jasho la kiziwi aliyekufa. Utatuvua nguo hadharani."

"Kwani ni uongo?"

Kobelo aliketi tena. Alikuwa mtu mwema, na jambo hilo halikuwahi kumpitia kichwani, kama ambavyo halikumpitia Sikudhani. Anayetunza huja kutoa. Nani aliwahi kufikiri kwamba anayetunza naye anadai?

"Ni kweli," Kobelo alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nakuomba usiiseme sasa. Tumalize kikao kwanza, halafu tutaisema wote wawili, mimi nikiwa pembeni yako."

"Ukweli huu una mahali pamoja pa kwenda, sikio la yule mama, nalo linafungwa," Sikudhani alisema.

Alishuka kibarazani. Alimpenda Kobelo kuliko ndugu zake wa kuzaliwa, na alijua kwamba anamwacha nyuma.

* * *

Msajili alikuwa dada mmoja mpole aliyeitwa Faraja. Alichukua maelezo bila kuinua nyusi, akaitia kanda ya harusini kwenye kichambuzi, mashine inayotenganisha sauti zilizochanganyika na kumrudishia kila mtu yake. Kwenye kioo wimbo ulionekana kama msuko wa nywele. Mashine ikaufumua. Uzi wa Sikudhani ukaenda huku, gitaa kule, matarumbeta yakakaa peke yao, makofi ya wageni nayo yakatengwa. Chini kabisa ukabaki uzi mwembamba, wenye vifundo vitatu na utupu mrefu kati yake.

"Ndiye huyu," Faraja alisema. "Hiki ndicho mrithi anachoweza kuridhia. Vingine vitabaki vimefumbwa. Na lazima nikuambie, dada Sikudhani, maelezo yako yatakuwa wazi kwa yeyote atakayeomba kuyasoma."

"Najua."

"Una uhakika?"

Sikudhani hakuwa na uhakika wa kitu chochote. Aliweka kidole mahali pa kuweka kidole.

Mvumo waliyasoma kabla jua halijazama. Kesho yake msemaji wao, kijana mwenye sauti tamu, alikuwa kwenye kila kioo akimsikitikia mtoto Hamduni na kuuliza, kwa upole mkubwa, kama hawa ndio wanaotufundisha haki. Kikao kiliahirishwa. Kwaya mbili zikajitoa Umoja. Mtu asiyejulikana aliandika neno baya kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa ofisi juu ya duka la dawa, na mwenye duka akalifuta kwa maji ya moto bila kusema kitu. Kobelo hakupokea simu. Sikudhani alilia, akanawa uso, akapanda pikipiki kwenda kwa Mama Hamduni.

* * *

Nyumba ilikuwa bado ina harufu ya msiba, udi na vyombo vingi vilivyooshwa. Walikaa mkekani. Sikudhani alimsaidia kuweka ridhaa yake ya mrithi na kuupokea uzi ule kwenye sikizi lake la kulia, kisha kwenye lake mwenyewe, ili wasikilize pamoja.

"Kuna utupu mwanzoni," alimtahadharisha. "Ni mimi naimba hapo. Usishtuke."

Utupu ukapita. Mama Hamduni alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayengoja hodi.

"Niko hapa!"

Mama alishtuka hata hivyo. Mkono ulimpanda kifuani. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyeshiba, yenye kelele, isiyojua aibu, na haikuwa na chochote kando yake, wala muziki wala watu. Utupu tena, mrefu.

"Niko hapa!"

Mama Hamduni akausimamisha uzi ule, mkono ukabaki juu ya sikizi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini kilichokuwa usoni kilikuwa zaidi mshangao.

"Anamjibu nani?" aliuliza.

Sikudhani alihisi swali lile likimwingia mpaka mgongoni. Alikuwa amemletea mama jibu bila mwito. Mtoto alikuwa akipiga kelele gizani, peke yake, kwa mtu asiyekuwapo.

"Ananijibu mimi," alisema.

"Mbona wewe sikusikii?"

"Mimi nimefumbwa, mama. Nimejifumba mwenyewe." Akaurudisha uzi mwanzoni kwenye sikizi la mama kwa vidole vyake. "Ngoja. Kuimba siwezi, lakini kusema hakuna aliyekataza. Tuanze upya."

Wimbo ule aliujua ulivyokaa mwilini mwake, kila pumzi. Akaanza kupigapiga goti kwa kidole, akiuhesabu moyoni ule muziki usiosikika, beti, gitaa la Kobelo, kibwagizo, na ulipofika mahali pake akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje kula:

"Hamduni, uko wapi?"

"Niko hapa!"

Mama alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akaziba mdomo kwa kanga. Kidole kikaendelea kupiga goti. Mara ya pili Sikudhani aliita tena, na mtoto akajibu. Mwito wa tatu ulipokuwa unakaribia, Mama Hamduni akamshika mkono.

"Niache nimuite mimi. Wewe nibonyeze tu wakati ukifika."

Sikudhani akakichukua kiganja chake. Hapa ndipo matarumbeta yalipokuwa yakimwagika, anakumbuka, ukumbi mzima umesimama, na yeye mwenyewe alikuwa ameinua uso juu na kufumba macho kwa utamu. Akambonyeza.

"Hamduni, uko wapi?" mama aliita.

"Niko hapa, mama!"

Sikudhani alirudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha tena. Halikuwa kosa la mashine. Neno lile lilikuwamo tangu siku ile, na miaka yote hii lilikuwa chini ya matarumbeta, chini ya gitaa, chini ya sauti yake yeye aliyekuwa akiimba kwa nguvu. Aliupiga wimbo ule kwenye kila jukwaa nchini, akala kutokana nao, akajengea nyumba, akaugombania na akaufunga, wala hakuwahi kujua kwamba mtoto yule, mara ya tatu, alikuwa ameshachoka na mwimbaji na kugeuka kumtafuta mama yake kwenye viti.

"Nilikuwa nimekaa nyuma," Mama Hamduni alisema. "Karibu na mlango. Nilimpungia mkono, nikadhani hakuniona."

Sikudhani alitaka kuomba radhi, akakosa pa kuanzia. Radhi ya kumfungia, au ya kumfungulia kwa kipande, au ya kuimba kwa sauti kubwa kiasi kile. Alilia tu, na hakujificha.

"Usilie, dada." Mama Hamduni alimpapasa goti, kwa upole, bila kinyongo chochote. "Umeniletea. Ila hakuwa anakujibu wewe."

Kisha akageuka upande, akaliweka sawa sikizi lake la kulia, akaanza kumwita mwanawe upya tangu mwanzo, na Sikudhani akawa kazi yake ni kumbonyeza kiganja tu.